Lukuledi inatafutwa, lakini nani ameiandika?

Wengi wanaofungua tovuti au blogu huanza na rangi, nembo na themu. Kwa mtu wa Masasi au Newala anayetaka asomwe, kazi inaanzia kwingine.

Ikifika Oktoba, swali kubwa kuanzia Masasi hadi Newala ni moja: korosho leo imekwenda bei gani? Linaulizwa kwenye vijiwe vya kahawa, linaulizwa kwenye mizani ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, linaulizwa ndani ya gari linalotoka Nachingwea linaposhusha abiria Lukuledi. Siku hizi linaulizwa pia kwenye simu. Mkulima, au mwanawe aliyeko Dar es Salaam, anaandika "bei ya korosho leo Masasi", anabonyeza, anasubiri.

Jibu lipo, na limezaliwa humohumo mtandaoni. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anaweka bei yake akiwa popote, na mkutano wa wakulima ndio unaoamua kuuza au kukataa. Minada ya mwanzo ya msimu huo ilipovuka shilingi 4,000 kwa kilo, habari ilifika vijijini kabla watu hawajatawanyika mnadani.

Ilifikaje? Kwa picha ya karatasi ya matokeo iliyopigwa kwa simu na kurushwa kwenye makundi ya WhatsApp, au kubandikwa kwenye status, ambayo baada ya saa 24 inapotea. Anayeuliza Google wiki inayofuata hakuti chochote cha maana kutoka kwenye picha ile, kwa sababu mashine za utafutaji haziingii kwenye makundi ya watu ya WhatsApp. Habari ilisambaa, ikafurahisha, ikafa.

Ndiyo hali ya mambo mengi ya Kusini. Watu wanayajua, wanayazungumza, wanarekodiana kwa sauti, lakini hayajaandikwa mahali ambapo mgeni, mwanafunzi au mnunuzi anaweza kuyakuta. Wanapotokea vijana wa kuyaandika, wengi wao hukwama mahali pamoja: wanatumia wiki nzima kuchagua sura ya tovuti, kisha wanaweka habari tatu walizonakili, na baada ya miezi miwili wanalalamika kwamba hakuna anayeingia.

Karani asiyelala

Watu wa Kusini wanaujua mfumo wa stakabadhi ghalani tangu ulipoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/2008, kwa hiyo utaratibu wa Google hautawapa shida. Korosho ikifika AMCOS hupokelewa, hupimwa na kupangiwa daraja, ikaenda ghala kuu, ikaorodheshwa kwa ajili ya mnada. Gunia lililobaki uvunguni nyumbani, hata liwe na korosho bora kuliko zote wilayani, mnunuzi hatalijua.

Google nayo ina hatua tatu. Kwanza, programu yake iitwayo Googlebot hupita mtandaoni usiku na mchana ikifuata linki moja hadi nyingine na kusoma kila ukurasa inaoukuta. Pili, ilichokisoma huwekwa kwenye faharasa kubwa. Tatu, mtu akiuliza swali, kurasa zilizomo kwenye faharasa hupangwa kuanzia ile inayoonekana kujibu vizuri zaidi. Tovuti isiyoingia kwenye faharasa haijashindwa na mtu, kwa kuwa haijafika mnadani.

Kujua kama umefika ni rahisi. Andika kwenye Google neno site, nukta pacha, kisha anwani ya tovuti yako bila kuacha nafasi. Kurasa zinazotokea ndizo ambazo Google inazijua. Kama hakuna hata moja, sajili tovuti yako kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google yenyewe, uwasilishe ramani ya tovuti, yaani orodha ya kurasa zako zote. Huko utaona pia maneno ambayo watu waliyaandika hadi wakakufikia. Hiyo ni taarifa ambayo waandishi wengi hawajawahi kuifungua, na inazidi faida ya semina nyingi za kulipia.

Larry Page na Sergey Brin walipoanzisha Google mwaka 1998, wazo lililowatofautisha na wenzao lilikuwa kuhesabu ukurasa gani unatajwa na kurasa nyingine, na hizo zinazoutaja zina uzito gani. Vigezo vimeongezeka mno tangu hapo, lakini hilo halijafutika. Linki kutoka tovuti ya halmashauri, ya chuo au ya gazeti inakupa heshima ambayo linki mia za kununua hazikupi.

Andika kwa maneno ya anayeuliza

Mtaalamu wa kilimo akiandika kuhusu ugonjwa wa mikorosho, kichwa chake kitakuwa "Matumizi sahihi ya viuatilifu katika zao la korosho". Mkulima wa Lukuledi anayeona maua ya mkorosho yamepata vumbi jeupe na kukauka hatafuti hivyo. Anaandika "dawa ya mikorosho", "salfa ya unga", "maua ya mkorosho yanakauka". Wote wawili wanazungumzia ubwiri unga, lakini hawatakutana kamwe kama ukurasa una lugha ya mmoja tu.

Hapa ndipo mwandishi wa mahali alipo na nguvu kuliko kampuni yoyote ya Dar es Salaam. Yeye anayasikia maswali yenyewe. Akikaa nusu siku pale wakulima wanapopanga foleni ya pembejeo, ataondoka na vichwa kumi vya makala: salfa yangu nitaipata lini, namba ya usajili imepotea nifanyeje, korosho yangu imepewa daraja la pili kwa nini, malipo yamechelewa wapi, makato haya ni ya nini. Kila swali ni ukurasa mmoja. Asubuhi ya pili aanze kuyaandika maswali hayo kwenye Google bila kubonyeza, aone yenyewe inapendekeza kuyamalizia vipi. Mapendekezo yale yanatokana na yale ambayo watu wengine wameshayauliza.

Mfano wa karibu ni JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la JamboForums. Ukitafuta jambo la maisha ya kila siku kwa Kiswahili, mara nyingi mjadala wake mmoja hujitokeza, hata uwe wa miaka mingi nyuma. Hakuna uchawi. Mtu aliuliza kwa maneno yake, wenzake wakamjibu kwa maneno yao, na mtu wa tatu baada ya miaka kumi anauliza vilevile.

Jina la mahali nalo lina mtego. Lukuledi ni kata ya Masasi, ni misheni ya zamani, na ni mto unaoteremka hadi kwenye ghuba ya Lindi. Ukiandika "Lukuledi" peke yake, mashine haijui unasemea ipi, wala msomaji wa mbali hajui. Andika mara moja, mapema, "Lukuledi, wilayani Masasi, mkoa wa Mtwara". Fanya hivyo kwa vyama vya ushirika pia. Msomaji wa nje hajui kuwa MAMCU ni ya Masasi na Mtwara, TANECU ni ya Tandahimba na Newala, na RUNALI ni ya Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kichwa kimoja, kabla na baada

Tuseme kijana wa stationari ameweka habari ya mnada. Kichwa: "MAMBO NI MOTO MASASI!!! WAKULIMA WACHEKELEA". Picha ya juu jina lake IMG_20241018.jpg. Aya ya kwanza inamtaja mgeni rasmi, cheo chake na wote alioongozana nao. Bei imo kwenye aya ya sita, na tarehe ya mnada haimo kabisa, kwa kuwa mwandishi alidhani kila mtu anajua ni leo.

Sasa tuigeuze. Kichwa: "Bei ya korosho Masasi: matokeo ya mnada wa MAMCU" pamoja na tarehe. Aya ya kwanza inataja bei ya juu, bei ya chini, tani zilizouzwa na mahali mnada ulipofanyika. Bei zenyewe ziko kwenye jedwali la maandishi, si kwenye picha ya karatasi. Picha inaitwa mnada-korosho-lukuledi.jpg, na ina maelezo mafupi yanayosema inaonyesha nini, yatakayomsaidia pia asiyeona anayetumia programu ya kusomewa. Chini kuna linki ya mnada wa wiki iliyopita na nyingine ya makala inayoeleza makato. Mgeni rasmi yupo bado, kwenye aya ya nne, hajadhulumiwa.

Kazi yote hiyo ni ya robo saa na haihitaji fundi. Kinachohitajika ni kukubali kwamba kichwa cha mtandaoni hakisomwi kikiwa juu ya picha kubwa kama gazetini. Kinasomwa kikiwa peke yake, katikati ya vichwa vingine tisa, na mtu mwenye haraka.

Kalenda ya mikorosho ndiyo kalenda ya mwandishi

Mikorosho ya Kusini huanza kuchanua kuanzia Juni, na hapo ndipo ubwiri unga unaposhambulia maua na majani machanga. Anayeandika kuhusu ugonjwa huo Julai, mashamba yakiwa tayari yameingiliwa, amechelewa mara mbili: mkulima ameshahangaika, na tovuti changa inaweza kukaa siku nyingi, hata wiki, kabla Google haijaipitia. Makala ya salfa iandikwe Aprili. Makala ya kusafisha mashamba na kukausha korosho iwe imekaa sawa ifikapo Agosti. Ukurasa wa bei ufunguliwe Septemba, na uwe ukurasa mmoja unaoongezewa matokeo kila mnada, badala ya vihabari ishirini vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe.

Vipimo vya dawa visitungwe kichwani. Kituo cha utafiti cha TARI Naliendele, Mtwara, ndicho kilichobobea kwenye korosho nchini. Mwandishi achukue maelekezo huko, aseme ameyachukua huko, na aweke linki. Google inapima kwa ukali zaidi kurasa zinazogusa afya na kipato cha watu, na mkulima anapima kwa ukali kuliko Google, maana akipotoshwa mwaka mmoja harudi.

Themu: sura isiyomaliza bando

Sasa tufike kwenye kile ambacho wengi huanza nacho. Themu ni vazi la tovuti: mpangilio, rangi, herufi, mahali pa menyu na picha. Ukitumia WordPress, programu iliyotoka mwaka 2003 na ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, utakuta maelfu ya themu za bure. Ukitumia Blogger, iliyoanzishwa mwaka 1999 na kununuliwa na Google mwaka 2003, utakuta templeti chache zaidi lakini hutalipia hifadhi. Huko Blogger ndiko walikokulia wakongwe wa blogu za Tanzania. Ndesanjo Macha alianza kuandika Jikomboe mwaka 2004, na mwaka uliofuata mpigapicha Issa Michuzi akaanzisha ya kwake, iliyokuja kufunguliwa kila asubuhi na Watanzania wa ndani na wa ughaibuni. Wasomaji hao walikuja kwa kuwa walilijua jina. Tovuti mpya ya Lukuledi haina jina hilo bado, kwa hiyo inategemea kutafutwa, na anayetafuta hana subira.

Tupige hesabu. Picha moja ya simu ya kisasa ina megabaiti 4 hivi. Ukurasa wenye picha kumi zilizowekwa kama zilivyo una megabaiti 40. Kwenye mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, ukurasa huo unahitaji dakika mbili na sekunde arobaini kumalizika. Punguza kila picha hadi kilobaiti 150, na ukurasa uleule utamalizika kwa sekunde sita. Hakuna themu ya kununuliwa inayoweza kukuokoa usipofanya kazi hiyo, na programu za kupunguza picha zipo za bure.

Google yenyewe inasoma kwanza sura ya simu ya tovuti yako, si ile ya kompyuta. Imeweka vipimo vyake wazi: sehemu kubwa ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, na maandishi yasirukeruke wakati matangazo yakipakia, ukabonyeza kitu ambacho hukukusudia. Themu yenye picha zinazojizungusha juu, vitufe vinavyoelea, madirisha ya kuomba namba ya simu na aina tano za herufi hufeli vipimo hivyo hata kabla hujaandika neno.

Hivyo unapochagua, usiangalie onyesho la muuzaji kwenye kompyuta ya ofisini. Chukua simu ya bei ndogo, weka bando la kawaida, nenda mahali mtandao unapoyumba, fungua onyesho hilo. Simama juani saa saba mchana uone kama maandishi yanasomeka. Rangi ya kijivu juu ya nyeupe inapendeza ndani ya chumba chenye kiyoyozi, shambani haionekani. Angalia kama kichwa, tarehe na aya ya kwanza vinatokea bila kusogeza kidole. Angalia kama menyu inafunguka kwa dole gumba. Kisha pitisha anwani kwenye PageSpeed Insights, ambayo nayo ni ya bure. Themu kama GeneratePress, Astra na Kadence zimejijengea jina kwa wepesi, na zile zinazokuja na WordPress yenyewe, kama Twenty Twenty-Five, zinatosha kabisa kwa anayeanza.

Tahadhari moja ni ya lazima: themu za kuchakachua. Themu ya dola hamsini na kitu inauzwa na vishoka kwa elfu tano, au inatolewa bure kwenye makundi. Nyingi huwa zimepachikwa msimbo uliofichwa ambao baadaye unatupa linki za kamari kwenye kurasa zako au unawapeleka wasomaji wako kwingine. Google ikigundua, inaweza kumwonya kila anayekuja kwamba tovuti si salama. Templeti za bure za Blogger kutoka vichochoroni nazo zina mchezo wake: ukifuta jina la mtengenezaji kule chini, tovuti yako yote inamhamishia msomaji kwake.

Njia za mkato zimezibwa

Kuna wanaouza ahadi ya kukufikisha ukurasa wa kwanza kwa wiki moja. Mbinu zao ni za zamani: kurudia neno "korosho" mara hamsini, kununua linki, kunakili habari za wengine. Mwaka 2011 Google ilileta mabadiliko yaliyoitwa Panda, yakazishusha tovuti zenye maudhui hafifu. Mwaka 2012 yakaja ya Penguin, yakawabana wanunuzi wa linki. Tangu hapo kamba imezidi kukazwa.

Kwa blogu zetu donda kubwa ni kunakili. Taarifa moja ya vyombo vya habari hubandikwa neno kwa neno kwenye tovuti kumi, na mashine ikiona kumi zinazofanana huchagua moja ya kuonyesha, ambayo aghalabu ndiyo kubwa na ya siku nyingi. Mwandishi wa Masasi hawezi kushinda mchezo huo. Aliyemwuliza katibu wa AMCOS maswali mawili ambayo hayamo kwenye taarifa, huyo ana kitu ambacho wale tisa hawana.

Zaidi ya korosho

Kusini ina mambo tele ambayo wa kuyaandika kwa Kiswahili, kutoka ndani, ni wachache. Mwaka 1906 Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alipita Masasi na Newala akipiga picha na kurekodi nyimbo. Kitabu chake kipo mtandaoni hadi leo, kwa macho yake na kwa lugha za wenzake. Misheni ya Wabenedikto ya Lukuledi ilianzishwa mwaka 1895, ikachomwa katika vita vya Majimaji mwaka 1905, na mwaka uliofuata Ndanda ikachukua nafasi yake. Oktoba 1917 majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalipigana palepale Lukuledi. Wazee wa eneo hilo wana masimulizi waliyopokea kwa wazazi wao, yenye majina ya koo na ya mashamba, ambayo hayamo kwenye kitabu chochote cha Leipzig wala London.

Newala kuna Shimo la Mungu, pale uwanda wa Makonde unapokatika ghafla na bonde la Ruvuma kutandazika chini. Mgeni anayetaka kufika anataka kujua gari anapanda stendi ipi, nauli, muda wa kutembea, pa kulala na msimu wa ukungu. Mwenye gesti anayejisajili bure kwenye ramani ya Google, akaweka saa, simu na picha za kweli, ameshafanya nusu ya kazi hata kama hana tovuti. Na asiye na senti kabisa anayo Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Kata nyingi za Tanzania zina makala humo, nyingi zikiwa mistari michache ya idadi ya watu na mipaka. Yeyote anaweza kuziongezea, mradi ataje chanzo. Yapo pia ya kuachwa: picha za watoto wakiwa jandoni au unyagoni si mali ya kutafutia wasomaji.

Kabla hujaanza kuchapisha habari, uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni na milioni moja kila mwaka, na Juni mwaka huo JamiiForums ilifungwa kwa muda huku blogu kadhaa zikinyamaza. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Ukurasa wa gesti au wa chama cha ushirika si sawa na chombo cha habari, lakini ni vizuri kuwa na jibu la mamlaka mkononi kuliko la fundi wa mtaani.

Baada ya hapo, mpango wa mtu mmoja mwenye simu na kompyuta ya kuazima unaweza kuwa huu: anwani fupi yenye jina la mahali, themu nyepesi ya bure, na kurasa tano kabla ya msimu. Moja ya bei, moja ya ubwiri unga, moja ya safari ya korosho kutoka AMCOS hadi malipo, moja ya njia ya Shimo la Mungu, moja ya historia ya misheni ya Lukuledi kama wazee wanavyoisimulia. Akija kuichoka themu, ataibadilisha jioni moja bila kugusa makala hata moja. Makala hizo ndizo mtaji, na Aprili ndio mwezi wa kuanza kuziandika.